Moyo kutokwenda mbio si ushahidi kwamba mtu hakuumia

Nimepitia tena andiko la utafiti kuhusu watu waliopatwa na tukio la kutisha, lenye hitimisho lilelile: mshiriki alisikiliza kisa cha tukio lake, mapigo ya moyo hayakupanda, hofu akaipa sifuri kwenye fomu, basi kikumbusho hicho hakikumgusa. Jamani, hapana!

Mbinu yenyewe inafahamika. Kisa kinaandikwa kwa nafsi ya pili, "uko ndani ya gari, moshi unakuziba pumzi," kinarekodiwa kwa sekunde 30 hivi, mshiriki anakisikiliza kisha anaendelea kukiona akilini. Sisi tunapima moyo, jasho la viganja na msuli wa kukunja ndita. Mtafiti Roger Pitman na wenzake walichapisha matokeo ya mbinu hii mwaka 1987, kwa wanajeshi wa Marekani waliopigana Vietnam. Mwaka 1998 Terence Keane na wenzake walipima zaidi ya wanajeshi 1,000 wa vita hivyo, na vipimo vya mwili vikawatambua takriban theluthi mbili tu ya wenye PTSD, yaani maradhi ya akili yanayofuata tukio la kutisha. Theluthi iliyobaki si waongo.

Daktari wa akili Ruth Lanius, huko Kanada, ameonyesha kwamba wapo wanaokufa ganzi wanaposikia kisa chao. Wanajiona kama wako nje ya miili yao, na moyo unabaki palepale. Hao nao wameguswa, tena sana.

Linaloniudhi zaidi ni kuuliza hofu peke yake. Chukua aliyetoka kwenye gari linaloungua akamwacha mwenzake ndani. Miaka imepita, moto haumtishi tena. Kinachomkaba akisikia kisa ni hatia, na aibu ya kuwa hai. Fomu yako haina mahali pa kuyaandika hayo, kwa hiyo anaandika sifuri, na amesema kweli. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili, toleo la mwaka 2013, uliondoa kwenye PTSD sharti la hofu, unyonge au kitisho wakati wa tukio, ukazitaja hatia, aibu na hasira miongoni mwa dalili. Fomu zetu bado zimebaki nyuma.

Kuna shaka ambayo vitabu vya kiada huipita kimyakimya: msuli wa ndita hukaza kwa hasira, kwa huzuni, hata kwa kufikiri sana. Mashine haitaji hisia kwa jina. Na ukimpa mtu orodha ya majina, huenda akachagua lililo karibu badala ya lililo lake. Ndiyo maana namwacha kwanza aeleze kwa maneno yake, mara tu kisa kinapoisha, ndipo nampa fomu yenye hofu, hasira, aibu, hatia, kinyaa na ganzi, kila moja na mstari wake.