Usingizi mwingi na kichwa kinachogonga

Wengi huamini kwamba usingizi ni kama akiba: ukikosa siku za kazi, lala hadi saa sita mchana siku ya mapumziko, utaamka mpya. Halafu unaamka kichwa kinagonga, na unahitimisha kwamba hujalala vya kutosha. Basi unarudi kitandani. Hapo ndipo kosa lilipo.

Mara nyingi si wingi wa usingizi wenyewe unaouma, ni kuvurugika kwa ratiba. Ubongo una saa yake, na kwa wenye kipandauso hata mabadiliko ya saa mbili tatu yanaweza kuamsha maumivu. Kisha kuna yale uliyoyakosa ukiwa umelala: hukunywa maji, hukula, na kama umezoea kahawa au chai ya asubuhi, mwili unaidai. Maumivu ya kukosa kafeini huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho. Aliyekunywa jana asubuhi akaamka leo mchana amekwishapita muda huo. Na mto mbaya, bila shaka, haumsaidii mtu shingo.

Lakini ukilala saa nyingi kila siku na bado unaamka umechoka, kichwa kinauma, na wenzako wanalalamika unakoroma, usilaumu usingizi. Huenda pumzi inakatika usiku, na hilo ni la kumwona daktari. Mtu mzima huhitaji saa 7 hadi 9. Amka muda uleule hata siku ya mapumziko.