Canon 1200mm haiuzwi bei ile kwa sababu inavuta mbali

Kuna hii stori watu wanapenda kurusha, eti lenzi ya kamera ya Canon EF 1200mm f/5.6 ya 1993 ina bei ya kutisha (moja ilipigwa mnada Wetzlar, Ujerumani, 2021, ikafika kama yuro laki 5) kwa sababu ndo inazoom kuliko zote duniani. Kwanza haizoom kabisa, yaani huwezi kuvuta na kurudisha, ni 1200 tu mwanzo mwisho (hizo mm zikiwa nyingi ndo lenzi inavuta mbali zaidi). Pili mbona Nikon walikuwa na 2000mm ya vioo vya kuakisi, na kamera ya Nikon P1000 ya 2018 inakupa picha ya upana wa lenzi ya 3000mm na unaibeba begani.

Ishu ni mwanga jamani. Hiyo f ni kipimo cha mwanga unaoingia, namba ikiwa ndogo mwanga ni mwingi. Kupata f/5.6 kwenye 1200mm unahitaji tundu la sentimita 21 na zaidi, sasa kioo cha mbele kinakuwa kama sinia, halafu ndani kuna lenzi za fluoraiti (aina ya madini angavu) ambazo kristali zake zinakuzwa maabara taratibu sana, kwa hiyo zilitengenezwa kwa oda tu na chache mno. Kilo 16 na nusu hizo, na mtu akisimama chini ya mita 14 haimshiki fokasi.