Sinema ya zamani haikujengwa kwa ajili ya bendi

Wiki hii nimeulizwa tena, na safari hii ni mtu ninayemheshimu sana kwa masikio yake: "Lakini si hapa palikuwa sinema? Si palijengwa kwa ajili ya sauti? Sasa mbona bendi inasikika kama iko ndani ya pipa?" Halafu macho yote yanageuka kumwangalia fundi wa saundi pale nyuma kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Jamani, naomba tulimalize hili.

Ni kweli palijengwa kwa ajili ya sauti, lakini sauti ya filamu, na filamu inakuja na mwangwi wake tayari. Mtu akiongea pangoni kwenye filamu, lile pango limesharekodiwa humo humo, kwa hiyo kazi ya ukumbi ni kunyamaza tu usije ukaongeza la kwake. Ndo maana unakuta mazulia, viti vya kitambaa, mapazia ukutani, na spika zimefichwa nyuma ya skrini yenye vitundu vidogo vidogo zikiangalia upande mmoja. Katika sinema iliyotengenezwa vizuri mwangwi unakufa ndani ya sekunde moja au chini ya hapo. Symphony Hall ya Boston, Marekani, ukumbi wa orkestra uliofunguliwa 1900 na ambao hesabu zake alipiga mwanafizikia Wallace Sabine, mwangwi wake ni karibu sekunde 2, kwa sababu vayolini bila ukumbi wa kuzibeba zinasikika kavu na nyembamba. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa.

Na tusiziweke sinema zote kapu moja. Brixton Academy ya London ilifunguliwa 1929 ikiitwa Astoria, enzi ambazo filamu za sauti ndo kwanza zinaingia na watu walikuja kuangalia filamu pamoja na maonyesho ya jukwaani, kwa hiyo ilipewa jukwaa la maana. Sinema nyingi za mitaani kwetu zilikuja baadaye, za kuonyesha picha tu, na pale mbele ya skrini palibaki kajukwaa kembamba. Ngara hapo Nairobi iliyokuwa Shan Cinema ikawa Sarakasi Dome, wanasarakasi na wanamuziki wakapata pahali pa kufanyia kazi, na mimi nafurahi sana kila jengo la aina hiyo likiokolewa. Nyingine zimegeuka makanisa, na nawaambia shida ya bendi ya kusifu na shida ya bendi ya rumba humo ndani ni ile ile.

Shida yenyewe ni besi. Hapa naomba subira kwa sababu hapa ndo watu hunikatiza. Mwenye ukumbi anasikia sauti inavuma anasema "tuongeze mapazia." Noti ya besi ya hezi 50 ina mawimbi ya urefu wa karibu mita 7. Pazia huwa linanyonya vizuri likiwa umbali wa robo ya wimbi kutoka ukutani, yaani kwa noti hiyo ungelining'iniza kama mita 1.7 ndani ya ukumbi, na wewe umelibandika kwenye saruji! Hiyo besi inapita kana kwamba pazia halipo, inagonga ukuta inarudi, inagonga tena. Linalonyonywa ni matoazi, ni sauti za "s" na "t" za muimbaji, ni ile ncha ya gitaa la solo. Ukiongeza pazia la pili unazidi kuua sauti za juu na za chini zinabaki vile vile, kwa hiyo ukumbi unazidi kuwa mzito, halafu unaambiwa fundi ameongeza besi. Hakuongeza. Wewe umetoa kila kitu kingine. Na watu wakijaa inakuwa zaidi, maana miili na nguo zinanyonya sauti za juu mara kadhaa kuliko besi, na hii ndo sababu saundicheki ya saa kumi ukumbi ukiwa mtupu haifanani na shoo ya usiku.

Dawa ya kweli ni paneli zinazotikisika na besi, au mitego minene ya kunasa besi kwenye kona, na inakula nafasi na pesa. Dawa ya bei nafuu ni kupunguza kelele jukwaani kabla hujagusa spika kubwa. Kajukwaa kakiwa kembamba drams zinakaa mgongoni kwa muimbaji na maiki yake inabeba matoazi kuliko sauti yake, ukimpandisha yeye unapandisha matoazi. Mpiga gitaa ashushe amplifaya yake, na asikasirike akiambiwa.

Kitu kingine kinachoniudhi mpaka leo ni kile chumba cha projekta. Kuna wenye kumbi wanaona pale juu nyuma ni pazuri kuweka mikisa, pana kidirisha, pana umeme, na viti vya kuuza havipungui. Fundi anachanganya muziki akiwa nyuma ya kioo! Anachosikia yeye si kile unachosikia wewe uliyelipa. Chini ya balkoni nako ni hivyo hivyo, besi inarundikana, sauti za juu hazifiki vizuri, kwa hiyo fundi anashusha besi na kupandisha ukali, na nyinyi wa katikati mnakatwa masikio. Mikisa ikae katikati ya watu, nyuma kidogo ya nusu ya ukumbi, hata kama viti kadhaa vitaenda.

Na wewe msikilizaji, usikimbilie mbele kabisa ukidhani ndo VIP. Pale unasikia sabwufa na drams, muimbaji anapita juu ya kichwa chako. Spika za besi zikiwekwa kushoto na kulia, mstari wa katikati unapata besi yote na pembeni kuna sehemu inapotea kabisa, sogea hatua mbili usikie tofauti. Mimi ningesimama karibu na mikisa, kando kidogo ya mstari wa katikati, na nisiingie chini ya balkoni.

Sasa niseme lile ambalo vitabu havisemi wazi. Fomula ya Sabine ya kukadiria mwangwi inachukulia kwamba sauti imesambaa sawasawa chumbani, na sinema haiko hivyo, chini kote ni viti laini, juu ni saruji tupu. Namba zinatoka safi na masikio yanakataa. Kuna kumbi kavu ambazo kwa kanuni zote zingeua muziki, halafu benga inapigwa humo, magitaa mawili yanajibizana na kila noti unaiona, na sijui nieleze vipi mbona inapendeza kiasi kile. Taarab ndo inanisumbua zaidi: kanuni (ile ala ya nyuzi) na vayolini zinataka mwangwi, ukumbi hauna, nikiongeza wa mashine wazee wengine wanafurahi na wengine wananiambia nimeiweka studio. Kwa sasa naongeza kidogo sana kwenye vayolini, sauti ya muimbaji naiacha kavu, maneno yasikike.