Pochi ya ngozi ya nzi wa kuvulia: ndoana isiguse ngozi

Nzi wa kuvulia si mdudu wa kweli, ni ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu au samaki mdogo. Pochi nyingi za nzi hao ninazoletewa kukarabati zina ugonjwa mmoja: ndoana zinagusa ngozi. Ukifungua ndani unakuta vidoa vyeusi vimejipanga vile vile ndoana zilivyopangwa, na ukizichomoa unaona kutu imeshaanza kwenye mkunjo. Nzi amefungwa kwa subira, manyoya yake bado mazima, lakini ndoana haiaminiki tena. Ndiyo maana nitalirudia jambo hili hadi mwisho: ngozi ni ganda la nje tu. Nzi hukaa kwenye sufu.

Sababu yake ni ya kikemia. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, ambayo ndiyo ninayoipendelea kwa ganda, ina tanini, yaani kemikali ya magome, na asidi kidogo. Chuma kikikutana na tanini penye unyevu hutoa rangi nyeusi isiyofutika. Wino wa zamani wa Ulaya ulipikwa kwa njia hiyo hiyo, na mafundi wa ngozi hadi leo huloweka vipande vya chuma kwenye siki, kisha hupaka maji yake juu ya ngozi ya magome ili iwe nyeusi tii. Kwenye mkoba ni jambo zuri. Kwenye pochi ya nzi maana yake ni kwamba ndoana yako inaliwa.

Basi kwa nini nisitumie ngozi ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa chumvi za madini ya kromu badala ya magome, ambayo haina tanini hiyo? Kwa sababu ni laini mno kwa ganda. Haishiki umbo, na kingo zake hazing'ai hata ukizisugua kutwa. Ngozi ya magome ukiilowesha kidogo, ukaikunja na kuiacha ikauke, hubaki na mkunjo huo. Pochi ya nzi inahitaji mgongo uliosimama, usiolegea. Chagua unene wa milimita 2 hivi, na ukate sehemu ya mgongo wa mnyama. Ngozi ya tumbo ni ya bei nafuu lakini hutanuka na kupinda itakavyo, na mwaka ukipita pochi itafunga upande.

Kwenye vipimo, wengi hukosea mgongo wa pochi. Tuseme unataka pochi ikifungwa iwe na urefu wa sentimita 15 na upana wa 10. Usikate ngozi ya upana wa 20 ukadhani umemaliza. Ndani kuna sufu pande mbili, kila upande milimita 10, tena kuna ngozi inayoibeba sufu hiyo na ukurasa wa katikati unaotenganisha pande hizo. Mgongo unataka milimita 25. Kwa hiyo ganda lililofunguliwa ni sentimita 22.5, halafu uongeze ulimi wa kufungia. Ukibana mgongo, pochi itaachama, na ukiilazimisha ifunge utawalaza nzi wako kama majani yaliyokanyagwa.

Sufu ninayoipenda ni ile ambayo bado iko kwenye ngozi ya kondoo. Hapa naomba usiwe na haraka. Geuza kipande kifudifudi, sufu iwe chini, chora mstari upande wa ngozi, kisha kata kwa ncha ya kisu chenye makali, ukiingiza kiasi cha kupasua ngozi tu. Halafu vuta vipande viwili polepole, nyuzi za sufu ziachane zenyewe. Ukitumia mkasi utakata na sufu, na ukingo wote utabaki na upara ambao hautaota tena. Baada ya hapo chana sufu kwa kitana na uipunguze kwa mkasi hadi iwe sawa. Milimita 10 zinatosha ndoana ya namba 10 au 12 kuzama bila ncha yake kufika kwenye ngozi. (Kwa asiyezoea namba hizi: namba ikipanda, ndoana inapungua, kwa hiyo namba 18 ni ndogo kuliko namba 10.) Ukiwa na ndoana kubwa zaidi, acha sufu ndefu zaidi.

Usitegemee gundi peke yake kushika sufu kwenye ganda. Kila unapochomoa ndoana unaivuta sufu juu, na mivuto hiyo midogo huibandua gundi kuanzia pembeni. Mimi hupaka gundi ili kipande kisihame, kisha hushona pande zote nne. Wakati wa kushona, ilaze sufu ya ukingoni kuelekea ndani na uishike kwa utepe wa karatasi, la sivyo uzi utaimeza na mshono utakuwa na ndevu. Pia bonyeza jino la ndoana, yaani kile kijichomozo kilicho karibu na ncha, kwa koleo kabla ya kumweka nzi. Ndoana isiyo na jino hutoka bila kung'oa sufu, na samaki unayetaka kumrudisha majini huachiwa bila kujeruhiwa sana.

Kati ya kurasa mbili weka ukurasa wa tatu, kipande chembamba cha ngozi ya kromu cha milimita 1 hivi, kilichoshonwa mgongoni. Bila ukurasa huo, nzi wa kushoto na wa kulia hukumbatiana pochi inapofungwa, na ukiifungua kwa haraka utasikia manyoya yakikatika.

Ushonaji wenyewe ni wa sindano mbili kwenye uzi mmoja, kila sindano ikipita tundu lile lile kutoka upande wake. Mashine hufunga nyuzi mbili zinazoshikana katikati, na uzi mmoja ukikatika mshono huanza kufumuka. Mshono wa sindano mbili ukikatika mahali pamoja, matundu ya jirani bado yameshika. Pima mstari kwa bikari, milimita 4 kutoka ukingoni, toboa kwa uma wa kutobolea ngozi au msharasi kila baada ya milimita 4, na kata uzi wenye urefu wa mara nne ya mshono. Uzi wa poliesta wa milimita 0.8 uliopakwa nta unafaa sana, kwa sababu maji hayauozeshi. Vuta mikono yote miwili kwa nguvu sawa. Mwishoni rudi nyuma matundu matatu, kata, kisha yeyusha ncha kwa moto mdogo.

Kingo piga msasa, lowesha kidogo, sugua kwa kipande cha mbao laini hadi zing'ae, malizia kwa nta ya nyuki.

Cha kufungia, epuka sumaku. Inafunga vizuri, lakini ndoana za chuma zikikaa karibu nayo hupata usumaku na kuanza kung'ang'aniana. Ukanda wa ngozi unaopita kwenye kitanzi unatosha. Ukitaka kifungo cha kubana, tafuta cha shaba ya manjano au cha chuma kisichoshika kutu.

Sasa, nzi gani akae humu? Nzi wa kuzama, na wale warefu wanaoigiza samaki wadogo. Nzi wa kuelea wana manyoya yaliyosimama kuzunguka ndoana, na hayo ndiyo yanayowashikilia juu ya maji. Yakibanwa yanalala, na nzi hazai kitu. Hao wapewe kisanduku chenye nafasi. Pochi ilizaliwa kwa ajili ya nzi wanaolala bapa. Kabla ndoana zenye tundu la kupitishia uzi hazijaenea mwishoni mwa karne ya 19, nzi walifungwa pamoja na kipande cha uzi uliovutwa kutoka tezi za hariri za kiwavi wa hariri au singa za farasi, na kipande hicho kilihitaji kunyooshwa kwenye kurasa. Ndiyo maana pochi za zamani ni ndefu na nyembamba.

Ngozi ya nje ipake mafuta kidogo tu, na upande wa nje tu. Mafuta yakipenya hadi kwenye sufu yatawafikia nzi, na nzi wa kuzama mwenye mafuta hukataa kuzama. Ukitoka majini usimrudishe nzi aliyelowa. Sufu inaweza kunywa maji kiasi cha karibu theluthi ya uzito wake kabla mkono haujahisi unyevu, kwa hiyo kuigusa na kusema imekauka hakutoshi. Mtundike nzi mahali pengine akauke, na ukifika nyumbani acha pochi wazi usiku kucha, mbali na moto na jua kali. Halafu kagua sufu mara kwa mara ukitafuta vumbi laini au viwavi vidogo. Kiwavi wa nondo wa nguo hula sufu na manyoya pia, kwa hiyo akiingia atakula pochi na nzi kwa pamoja. Ukimshuku, ondoa nzi wote, funga pochi kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uiweke kwenye friza kwa wiki mbili, kisha iache irudie joto la kawaida ikiwa bado ndani ya mfuko, ili umande usiilowanishe.