Karo, mkate na mpiga kura wa katikati

Kwenye kampeni za 2017, Raila Odinga wa muungano wa upinzani wa NASA aliahidi Wakenya sekondari bila karo kuanzia Septemba mwaka huo. Uhuru Kenyatta wa Jubilee akaahidi hivyo hivyo, ila kuanzia Januari 2018. Majukwaani walikuwa wakipapurana kila siku, lakini kuhusu karo kilichowatenganisha ni miezi minne. Kwangu mimi, wote wawili walikuwa wanamfukuzia mtu mmoja, ambaye sisi wa uchumi wa siasa tunamwita mpiga kura wa katikati: yule anayeangukia katikati watu wakipangwa kwa matakwa yao.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua chama cha akina mama watano wanaoamua mchango wa kila wiki. Mmoja anataka shilingi 100, wa pili 200, wa tatu 300, wa nne 500, na wa tano, mwenye duka la jumla, anataka 2,000. Pigisha kura 300 dhidi ya 500: watatu wa chini wanaichagua 300. Pigisha 300 dhidi ya 200: watatu wa juu wanaichagua 300. Wastani wa matakwa yao ni 620, lakini hakuna kiwango kinachoweza kuishinda 300. Hata mwenye duka akipandisha lake hadi 10,000, wastani utaruka na uamuzi utabaki pale pale. Duncan Black, Mskoti, aliionyesha hoja hii kwa kura za vikaoni mwaka 1948. Mwaka 1957 Mmarekani Anthony Downs akaipeleka kwenye ushindani wa vyama.

Sasa mtafute mtu huyo Kenya. Hayuko ofisini. Ukiwaweka kando wakulima wadogo, zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini ni jua kali, yaani kazi zisizo rasmi. Anauza mitumba au anaendesha boda, ana watoto shuleni, na hakatwi kodi ya mshahara kwa kuwa hana mwajiri wa kumkata. Karo inamuuma kila muhula. Ndiyo sababu ahadi ya elimu ya bure haikosi mnunuzi: Mwai Kibaki na muungano wake wa NARC waliingia nayo madarakani Desemba 2002, na shule zilipofunguliwa Januari 2003 watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani. Mwaka uliofuata Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, naye akajiandikisha darasa la kwanza. Uganda ilikuwa imetangulia: Yoweri Museveni aliahidi katika uchaguzi wa 1996, na 1997 mpango ukaanza kwa watoto wanne kila familia.

Upande wa kodi, mtu huyu huyu anaonekana vizuri zaidi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka mkate utozwe VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Mkate ni chai ya asubuhi ya kila nyumba, kwa hiyo pendekezo hilo liliondolewa Juni 18, kabla hata ya kura ya bungeni. Linganisha na makato ya mpango wa serikali wa nyumba nafuu, asilimia 1.5 ya mshahara: yalipigwa kelele, yakafika mahakamani, na bado yanakatwa. Wenye mishahara wana sauti kubwa mitandaoni, lakini kwenye foleni ya kura ni wachache.

Hata hivyo nadharia hii inadai sharti gumu: watu wote wapangike kwenye mstari mmoja. Siasa zetu zina mistari miwili au mitatu. Muuza mitumba wa Kondele, Kisumu, na mwenzake wa Karatina, Nyeri, wanataka sera zinazofanana kabisa, halafu siku ya kura wanaachana njia kwa sababu ya jamii na vigogo wao. Kwa hiyo mimi husema mpiga kura wa katikati anaandika ilani, ila rais hamchagui yeye peke yake. Katiba ya 2010 inajaribu kumrudisha mezani: mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47.

Kwa wabunge mambo ni mengine. Katika ngome ya chama, mchujo ndio uchaguzi wenyewe, na uchaguzi mkuu wa Agosti ni kuidhinisha tu. Mbunge wa namna hiyo anamhofia mwanachama wa katikati wa chama chake, au kigogo anayegawa tiketi, kuliko mwananchi wa katikati wa eneo lake. Nikitaka kujua kwa nini mbunge kapigia kura kodi ambayo wapiga kura wake wanailaani, huanzia hapo.

Tena huyo wa katikati hupimwa kati ya waliojitokeza, si kati ya raia wote. Mwaka 2022 walijitokeza takriban asilimia 65, wakati 2017 walikuwa karibu asilimia 80. Vijana wa miaka 18 hadi 34 waliosajiliwa nao walipungua kwa takriban asilimia tano kati ya chaguzi hizo mbili. Kila kijana anayebaki nyumbani anasogeza katikati kuelekea kwa wazazi wake. Ilani za 2027 nitazisoma, bila shaka, lakini daftari la wapiga kura la IEBC, tume ya uchaguzi, nitalisoma kwanza, nione ni wangapi kati ya waliojaa barabarani Juni 25, 2024 kuupinga mswada ule wa fedha wamo ndani.