Kanuni ya mwaka wa uchaguzi iliyodumu miaka minne

Mei 2019, mjini Paducah, Kentucky, Seneta Mitch McConnell, Mrepublikan, alikuwa akila chakula cha mchana na wafanyabiashara. Akaulizwa: jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani akifariki mwakani, mwaka wa uchaguzi, utafanyaje? Akavuta funda refu la kinywaji chake, akatabasamu, akajibu kwamba nafasi ingejazwa tu. Watu wakaangua kicheko.

Kila muhula huwaonyesha wanafunzi wangu wa sheria ya katiba kisa hicho, na kila muhula hakosi wa kuinua mkono: "Mwalimu, huyu si ndiye aliyemkataa jaji wa Obama?"

Ndiye. Antonin Scalia, jaji wa mahakama hiyo, alifariki tarehe 13 Februari 2016. Saa chache tu baadaye, McConnell, kiongozi wa walio wengi katika Seneti, alitangaza kwamba kiti kimsubiri rais mpya ili wananchi nao wawe na sauti. Obama, Mdemokrat, akamteua Merrick Garland mwezi Machi. Kamati ya Seneti inayohoji wateule wa ujaji haikumwita hata siku moja. Jina lilikaa siku 293, hadi muhula wa Bunge ulipokwisha likafa lenyewe. Seneta Lindsey Graham, Mrepublikan, aliwaambia Wademokrat wayatunze maneno yake wayatumie dhidi yake, endapo rais wa chama chake angepata nafasi kama hiyo mwaka wa mwisho.

Jaji mwingine wa mahakama hiyo, Ruth Bader Ginsburg, alifariki tarehe 18 Septemba 2020. Amy Coney Barrett, aliyeteuliwa na Trump kumrithi, aliidhinishwa Oktoba 26 kwa kura 52 dhidi ya 48, zikiwa zimebaki siku 8 watu wapige kura. Na mwenyekiti wa kamati iliyomhoji? Graham huyo huyo.

McConnell alikuwa na maelezo yake: 2016 rais na Seneti walikuwa vyama tofauti, 2020 chama kimoja. Kisheria huwezi kumbana. Katiba ya Marekani inasema rais atateua kwa ushauri na ridhaa ya Seneti, basi. Haisemi ndani ya siku ngapi, wala haisemi lazima kura ipigwe. Wakenya wataona tofauti haraka. Uhuru Kenyatta alipokalia majina ya majaji tangu 2019, Mahakama Kuu ilisema anavunja katiba, kwa sababu katiba ya 2010 haimpi rais nafasi ya kuchagua amtakaye katika orodha ya Tume ya Utumishi wa Mahakama. (Hata hivyo majaji 6 walisubiri mpaka William Ruto alipoingia, 2022.) Garland hakuwa na kifungu kama hicho cha kushika.

Nikifika hapa, wanafunzi wanaowapenda Wademokrat huwa wamechangamka. Ndipo huwarudisha nyuma. Juni 1992, Joe Biden, akiwa mwenyekiti wa kamati hiyo hiyo, alimtaka Bush mkubwa asiteue mtu mpaka kampeni zipite. Kiti hakikuwa wazi, yakabaki maneno. Miguel Estrada hakubahatika hivyo. Bush mdogo alimteua 2001 kwenda mahakama ya rufaa ya Washington. Wademokrat walikataa mjadala wa Seneti ufungwe; usipofungwa mteule hapigiwi kura, na kuufunga kulihitaji kura 60. Warepublikan walijaribu mara saba, wakashindwa, naye akajitoa 2003. Enzi hizo Warepublikan ndio waliokuwa wakilia kwamba kila mteule ana haki ya kupigiwa kura. Mwaka 2013 Wademokrat, sasa wenyewe wakizuiliwa, wakafuta sharti la kura 60 kwa mahakama za chini. Warepublikan wakalaani, na 2017 wakalifuta kwa Mahakama ya Juu pia ili Neil Gorsuch, mteule wa Trump, apite.

Lakini insha ya "wote ni wale wale" huirudisha bila alama nzuri. Estrada alihojiwa, akapingwa hadharani na watu waliolazimika kuweka majina yao kwenye kura. Garland alinyimwa hata kiti cha kukalia mbele ya kamati. Mimi naona hilo la pili ni zito zaidi, na Mrepublikan mmoja darasani hubishana nami mpaka kengele.

Nikitaka kuona msimamo halisi wa mwanasiasa siku hizi, siangalii hotuba, naangalia karatasi ya buluu. Ni fomu ambayo kamati huwapelekea maseneta wawili wa jimbo anakotoka mteule, na kwa desturi asiporudisha mmoja, kazi husimama. Patrick Leahy, Mdemokrat, alipokuwa mwenyekiti wa kamati aliiheshimu hata ilipowaumiza wateule wa Obama. Chuck Grassley, Mrepublikan aliyemfuata kwenye kiti hicho, aliacha kuifuata kwa mahakama za rufaa alipoingia Trump, Wademokrat wakapiga kelele. Walipokamata uenyekiti 2021 hawakuirudisha. Kwa mahakama za wilaya, yaani zile za shirikisho ambako kesi huanzia, bado ipo: 2025 Trump alimshinikiza Grassley aifute kabisa, na Grassley, ambaye chama chake kilikuwa kimeitumia vizuri dhidi ya Biden, akakataa.