Mkataba wa uhakika kwenye besiboli ni nini, na mashabiki wa Angels wanalia nini

Kama umezoea usajili wa mpira wa miguu, ambako mchezaji akibuma anapelekwa kwa mkopo au mnakaa mezani mnavunja mkataba, basi besiboli ya Marekani itakuchanganya kidogo. Kule mchezaji mkubwa akishasaini amesaini. Jamaa aumie, ashuke kiwango, atemwe kabisa, klabu inaendelea kumlipa mpaka mkataba uishe. Ndo mkataba wa uhakika huo.

Mi binafsi sioni ubaya, mwili ni wa mchezaji na yeye ndo anauumiza. Shida ni umri. Mchezaji hawi huru kujichagulia timu mpaka atimize miaka 6 ya utumishi ligi kuu, kwa hiyo wengi wanaingia sokoni wakiwa na 29, 30, 31, alafu timu inamthaminisha kwa alichokifanya kwingine na kumpa miaka 7 au 10 mbele. Yaani shamba kavuna mwenzako, we ndo unalipa kodi yake.

Sasa njoo Los Angeles Angels. Desemba 2011 walimsaini Albert Pujols, miaka 10, dola milioni 240, na mwezi uliofuata akatimiza 32. Kule Cardinals, timu alikotoka, alishapiga mipira 445 ya kuvuka uzio (home run), pigo kubwa kuliko yote kwenye besiboli. Angels nako alipiga, siwezi kusema hakupiga, ila sio yule tena, na Mei 2021 wakamtema mkataba ukiwa mwaka wa mwisho, mshahara wa mwaka ule milioni 30. Dodgers, klabu nyingine, wakamwokota kwa kima cha chini cha mshahara wa ligi, zigo kubwa likabaki kwa Angels. Alafu 2022 karudi Cardinals kapiga 24 na kustaafu na jumla ya 703, we fikiria shabiki wa Angels anaangalia hiyo.

Ungedhani wamejifunza. Desemba 2019 wakamchukua Anthony Rendon, katoka kubeba ubingwa na Nationals, miaka 7 milioni 245. Nyonga, kifundo cha mkono, msuli wa paja, kila mwaka na lake. Julai 2023 alijipiga mpira mwenyewe ukamgonga ugoko, timu ikasema ni mchubuko, Septemba akaja kusema mwenyewe kwamba mfupa ulivunjika. Misimu 5 ya kwanza kacheza mechi 257, na msimu mmoja wa kawaida una mechi 162.

Kinachouma zaidi ni kwamba kipindi chote hicho walikuwa na nyota Mike Trout, na kuanzia 2018 mpaka 2023 wakawa na nyota mwingine, Shohei Ohtani, juu yake, na hao wawili pamoja hawakufika mechi za mtoano hata mara moja. Tatizo lilikuwa warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira, hata mtoto alikuwa anaona, ila hela zinaenda kwa wapigaji wenye majina. Mwaka 2021 ndo wakashtuka, kwenye draft, zoezi la klabu kugawana vijana wapya kila mwaka, wakapewa nafasi 20 na zote 20 wakachukua warushaji, kama mtu aliyepika mchuzi bila chumvi jana leo karudi na gunia.

Ohtani aliondoka Desemba 2023, akaenda Dodgers, 2024 tu akabeba ubingwa. Mkataba wa Rendon ulisainiwa kufika 2026.